Kufika Bruxelles kwa viza: namna ya kupita kwa polisi wa mipaka bila kukawia

Mtu akisha kupata viza ya Ubelgiji, nyumbani wanafurahi sawa vile safari imekwisha. Haijakwisha. Viza inakufikisha mbele ya dirisha la polisi wa mipaka pale Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles. Polisi ana haki ya kukuuliza upya kila kitu ulichokwisha kuulizwa Kinshasa, na akiona mambo hayapatane, anaweza kukukatalia kuingia. Hapo kampuni ya ndege iliyokuleta inalazimika kukurudisha. Hii inapata hata watu wenye viza ya kweli, ile haikununuliwa kwa mtu yeyote. Familia ilichanga feza miezi mingi, na msafiri anarudi bila hata kuona barabara ya Bruxelles.

Wasikilizaji wanapotuuliza namna ya kupita haraka, wengi wanafikiri kuna mtu wa kujua au feza kidogo ya kutoa, sawa huku kwetu. Kule usijaribu hata kidogo. Anayepita upesi ni yule ambaye karatasi zake na kinywa chake vinasema jambo moja.

Tuanze na karatasi, na fasi ya kuziweka. Valizi kubwa utaipata kisha kupita polisi, si mbele. Mwenye kuweka barua zake zote ndani ya valizi anafika dirishani na mikono mitupu. Karatasi zote zikae ndani ya sakoshi unayoingia nayo ndani ya ndege: paspoti, tiketi ya kurudi, bima ya safari yenye kufika euro 30 000, na karatasi ya fasi utalala. Kama ni kwa ndugu, basi kopi ya prise en charge aliyoitengeneza kwenye commune yake. Kama ni hoteli, karatasi ya hoteli. Kisha feza: Ubelgiji inahesabu euro 95 kwa siku kwa mtu anayelala hoteli, na euro 45 kwa yule anayepokelewa nyumbani kwa mtu. Mwenye prise en charge iliyokubaliwa anasaidiwa na mapato ya yule aliyemwita, lakini kufika bila hata euro moja si akili.

Adresi na nambari ya simu ya anayekungoja, ziandike kwa bic juu ya karatasi. Simu yako inaweza kuzimika, au laini ya huku ikakataa kushika kule.

Sasa soma viza yako yenyewe. Watu wengi wanaangalia picha yao tu na kuifunga paspoti. Kuna tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho, na pembeni kuna hesabu ya siku za kukaa. Hivi si kitu kimoja. Tuseme mama wa Lubumbashi anaenda kumuona mtoto wake Liège. Viza yake inaonyesha siku 45 kati ya tarehe ya kwanza na ya mwisho, lakini siku za kukaa ni 30. Huyu mama ana siku 30 tu. Zile 15 za zaidi waliziweka juu safari inaweza kusogea. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Tiketi yake ya kurudi ikionyesha siku ya 40, polisi ataiona mara moja, na mama ataanza kueleza jambo ambalo hata wakala aliyemuuzia tiketi hakulielewa.

Zamani kosa la siku lilikuwa linaweza kupotea kati ya mihuri ya paspoti. Siku hizi hapana. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, nchi 29 za Bulaya zilianza kutumia mfumo unaoitwa EES, na mpango wao uliweka tarehe 10 Aprili 2026 kuwa mwisho wa kipindi cha mpito. Kompyuta inaandika siku uliyoingia na siku uliyotoka, fasi ya muhuri, na yenyewe inahesabu siku. Wanapiga picha ya uso. Mwenye viza ya muda mfupi alikwisha kutoa alama za vidole siku ya kuiomba, kwa hiyo vidole wanavilinganisha tu na zile alama. Habari zako zinabaki mule miaka 3, na kama kutoka kwako hakukuandikwa, miaka 5. Mara ya kwanza inachukua dakika zaidi, usishangae.

EES ni bure na inafanyika pale pale mpakani. Mtu akikulomba feza hapa Kongo ili akuandikishe mbele, huyo ni mwizi. Kuna pia ETIAS ambayo watu wanaitaja sana. Ile ni ya raia wa nchi zisizoombwa viza, sisi haituhusu. Na mwenye kadi ya kukaa Ubelgiji au viza ya muda mrefu, kama wanafunzi, haandikwi ndani ya EES.

Wengine wanakawia juu walisimama kwenye mstari usio wao. Ule wa alama ya Umoja wa Ulaya ni wa raia wao. Wewe fuata ule wa paspoti zote. Ila kama unasafiri pamoja na bwana au bibi yako ambaye ni raia wa Ulaya na anaishi nchi nyingine ya Ulaya isiyo yake, tuseme Mfaransa anayeishi Ubelgiji, unaweza kupita naye kwenye mstari wao. Beba kopi ya acte de mariage. Ukipitia Paris kwanza, polisi watakuuliza Paris, si Bruxelles. Acha saa za kutosha kati ya ndege mbili.

Maulizo ni machache: unaenda kwa nani, kufanya nini, siku ngapi, unarudi lini. Jibu fupi, na ile ile uliyoandika kwenye dosie ya viza. Uliomba viza ya mkutano, usiseme unakuja kutembelea yaya. Ukiwa na yaya kule, usimfiche pia. Tunasema Kifaransa pamoja na wengi wao, na hapo ndipo wengine wanajiharibia: wanaanza hadithi ndefu ambayo hakuna aliyeiomba.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, abebewe acte de naissance na barua ya ruhusa ya mzazi aliyebaki, iliyopigwa muhuri. Polisi wana amri ya kuangalia watoto kwa ukaribu. Chini ya miaka 12 hawachukui vidole, wanapiga picha tu.

Na kama wamekataa? Utapewa fomu yenye sababu, kila moja na herufi yake. E ni kukosa karatasi za kueleza safari, G ni kukosa feza ya kutosha. Kusaini ni kusema umeipokea, si kukubali. Uliza kama viza yenyewe imefutwa, na uombe avoka saa ile ile, juu siku za kushtaki kwenye Conseil du contentieux des étrangers ni chache sana. Mbele ya kupanda ndege, mtumie ndugu anayekungoja nje nambari ya ndege na picha ya viza yako. Kama saa mbili zinapita haujatoka, yeye ndiye atakayeanza kutafuta huyo avoka.