Karafuu za Kizimbani: Nani Aliyezileta?

Wageni wengi huenda Kizimbani kutazama mashamba ya viungo. Aliyekwisha kusoma maandishi ya safari, kitabuni au katika intaneti, huja na neno moja: kwamba karafuu ililetwa Unguja na Sayyid Said bin Sultan. Mwandishi mmoja hulinakili kwa mwenziwe, na wa tatu kwa wa pili, wala hapana aulizaye.

Tarehe zatosha kulikanusha. Sayyid Said alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828. Bali Mfaransa Albrand alikuwa amekwisha kuiona mikarafuu hapa mwaka 1819. Masimulizi yaliyohifadhiwa yamtaja Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Kiomani, kuwa ndiye aliyeipanda Mtoni na Kizimbani, na mbegu yake ilitoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye Sayyid alimnyang'anya mashamba hayo, kisha akaamrisha zao hilo lienezwe kisiwani. Hiyo ndiyo sifa yake ya haki: kueneza, si kuleta.

Basi Saleh amepokonywa mara mbili: kwanza shamba na mtawala, kisha jina na waandishi. Na wako waliopoteza zaidi. Watumwa waliopalilia na kuchuma karafuu hizo, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, ni nadra kutajwa katika kurasa zinazosifu harufu ya viungo. Aandikaye juu ya nchi ya watu na aulize kwanza ni nani waliotoka jasho.