Ufa katika Bloku: Historia ya Maneno ya Kutengeneza Injini ya Dizeli

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya maneno yatumiwayo na mafundi wanapoiunda upya injini ya lori la dizeli baada ya bloku yake kupata ufa. Huenda baadhi ya wasomaji wakajiuliza jarida la istilahi lina shughuli gani na vyuma. Jibu letu ni kwamba katika kazi hii neno lililochaguliwa vibaya haliudhi sikio tu, bali huharibu mali. Mfasiri akiandika "unganisha" mahali palipotakiwa "shona", fundi atakayemfuata huenda akaongeza ufa wa pili kando ya ule wa kwanza, na bloku iliyoweza kuokolewa ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Yafaa kwanza ieleweke bloku ni kitu gani. Ni pande kubwa la chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ndani yake mna matundu ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, mikondo ya maji na ya oili, na upande wa chini mna makalio ya krenki. Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake nchini Ujerumani mwaka 1892, na injini iliyofanya kazi vyema ilionekana Augsburg mwaka 1897. Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea huko huko Ujerumani mnamo miaka ya 1923 na 1924. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Huishindilia hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa. Kwa sababu ya mshindilio huo, bloku yake hufanywa nzito na imara. Hata hivyo, chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, nacho hakipindi: kikizidiwa, hupasuka. Maji yakipungua katika rejeta, injini huchemsha. Dereva akimimina maji baridi kwa ghafla, chuma hunywea upande mmoja na ufa hutokea. Pengine mkono wa pistoni hukatika na kuutoboa ukuta wa bloku.

Tukitazama maneno ya kazi hii, tunaona matabaka mawili. Tabaka la kwanza ni la kale kuliko lori lenyewe, nalo ni la waunda vyombo, maseremala na wahunzi. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa. Kukalafati ni kuziba nyufa za chombo ili kisivuje. Kukereza ni kuchonga kitu kinachozungushwa, na kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka. Lehemu imetoka katika Kiarabu, parafujo katika Kireno, na karakana katika Kiajemi. Tusisahau pia mtepe, chombo cha pwani yetu ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi.

Tabaka la pili lilikuja pamoja na magari. Injini, silinda, pistoni, gasketi, beringi na krenki ni maneno ya Kiingereza yaliyopokewa kwa sikio. Wasaidizi wengi wa gereji hawakupata kuyaona maneno hayo yameandikwa. Waliyatamka kama walivyoyasikia, wakayatia irabu mwishoni, wakaendelea na kazi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, lakini gereji haikungoja kamati.

Hapa pana jambo ambalo twapenda wasomaji walizingatie. Fundi aliazima majina, lakini vitenzi vingi alibaki navyo. Injini hushushwa, hufunguliwa, husafishwa, hufungwa na kukazwa. Huchemsha, huvuja na kugonga. Ni kweli kwamba husemwa pia imenoki, lakini vitenzi vya namna hiyo ni vichache. Yaani kitu kiliitwa kwa jina la mgeni, na kazi ya mkono ikaitwa kwa lugha ya mwenye mkono.

Maneno hayo yalipata mtihani mkubwa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru. Njia ya Zambia ya kupata mafuta upande wa kusini ilizibika, na malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba. Barabara kubwa ya kusini-magharibi ilikuwa mbovu hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikamilika mwaka 1975. Kabla ya hapo mzigo huo ulipanda mlima Kitonga kwa nguvu za injini za dizeli, na mafundi wa njiani wakawa waganga wake. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1967, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa.

Baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979, Tanzania ilipata uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Bloku mpya haikupatikana kwa urahisi. Kuiokoa ile ya zamani lilikuwa jambo la mazao kufika sokoni au kuozea ghalani.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Injini ikishafunguliwa, ufa hutafutwa. Njia ya zamani ni kupaka mafuta ya taa, kuyapangusa, kisha kupaka chokaa: mafuta yaliyojificha ndani hupenya na kuuchora ufa juu ya weupe. Mikondo ya maji huweza pia kuzibwa na kujazwa hewa ya mgandamizo ili mapovu yaonyeshe mahali panapovuja. Baadaye hutobolewa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia.

Hapo ndipo njia hugawanyika, na kila moja yahitaji kitenzi chake. Kulehemu ni kushikanisha kwa madini yayeyukayo mapema, bila kuyeyusha chuma chenyewe. Kuchomelea ni kuyeyusha na chuma chenyewe; kwa chuma cha kusubu, kwa kawaida bloku hupashwa moto kwanza, au hutumika vijiti vya nikeli kwa vipande vifupi vifupi, kisha huachwa ipoe polepole. Kushona ni kutoboa matundu mfululizo juu ya ufa na kuyajaza vijiti vyenye hesi, kila kimoja kikimlia jirani yake, bila moto wowote. Mwaka 1917 Marekani ilipotwaa meli za Kijerumani zilizokuwa katika bandari zake, ilikuta mabaharia wamezivunja kwa makusudi silinda za chuma cha kusubu. Nyingi ziliokolewa kwa kuchomelewa kwa umeme, nyingine kwa viraka vya chuma. Basi hata wakati huo aliyesimamia kazi alilazimika kusema ni njia ipi.

Bloku ikipona, makalio ya krenki hupimwa kama yamenyooka, krenki husagwa ikiwa imelika, slivu na ringi hubadilishwa, na boliti za kichwa cha silinda hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa awamu, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni. Kitabu kikisema "kaza sana" badala ya kutaja kipimo na mpangilio, gasketi huenda ikaungua na bloku ikapasuka tena. Vivyo hivyo ufa si mkwaruzo: mkwaruzo katika silinda huweza kuondolewa kwa kusaga, ufa hauondoki hivyo.

Kutokana na hayo tunatoa rai tatu. Kwanza, majina yaliyokwisha kuzoeleka gereji yasifukuzwe. "Pistoni" haihitaji mrithi. Pili, juhudi za kusanifu zielekezwe kwenye vitenzi, kila tendo lipewe kimoja, na "unganisha" na "tengeneza" yaachwe katika vichwa vya sura tu. Tatu, orodha ya istilahi za ufundi isipitishwe kabla ya kusomwa mbele ya fundi aliyeshika kifaa chenyewe. Aliyeita kushona alichokifanya juu ya chuma hakubuni neno. Alilikuta limekwisha kufanya kazi katika mtepe. Walimu wa shule za ufundi na wafasiri wa vitabu vya maelekezo wana akiba hiyo mikononi, nasi twawaomba waitumie kabla ya kutafuta nyingine.