Mtoto, Kijana na Tetrasaiklini: Historia ya Onyo Moja

Katika vijikaratasi vya dawa vinavyofasiriwa kwa Kiswahili huonekana mara nyingi onyo hili fupi: "Wasipewe watoto." Kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini, onyo hilo lina historia yake, nayo yafaa ifahamike kabla ya kulifasiri.

Dawa ya kwanza ya jamii hii, Aureomycin, ilitangazwa mwaka 1948 na Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliyeipata kutokana na vijidudu vya udongoni. Ilipewa jina lenye asili ya neno la Kilatini la dhahabu kwa sababu ya rangi yake. Hapo mwanzo walipewa wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walieleza kwamba watoto waliotibiwa kwa muda mrefu walikuwa na meno ya manjano. Rangi hiyo huweza kugeuka kahawia baadaye. Dawa hushikamana na kalsiamu ya jino lingali likiundwa ndani ya ufizi. Jino lililokwisha kuundwa halipati dhara hilo.

Mkoani Arusha jambo hili lina uzito wa pekee, maana huko meno ya kahawia yana chanzo kingine, tena kikubwa zaidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi katika chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa shida ya maji, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 mwaka 1974. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floraidi. Huko Ngurdoto kilianzishwa kituo cha utafiti wa kuipunguza, kwa kuchuja maji katika mkaa wa mifupa. (Jina la Maji ya Chai lisimpoteze msomaji: floraidi yenyewe haina rangi wala harufu.)

Floraidi nayo hulidhuru jino wakati ule ule wa kuundwa. Basi msichana wa miaka 15 wa Usa River mwenye meno ya kahawia aliyapata utotoni, na akiandikiwa doksisaiklini leo, hofu ya meno si sababu ya kuikataa. Kinyume chake, mzazi aliyezoea kusema "ni maji tu" aweza kumpa mtoto wa miaka 3 vidonge vilivyobaki nyumbani, asijue kwamba anaongeza dhara juu ya dhara.

Hapa ndipo neno "watoto" linapotushinda. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Msichana wetu angenyimwa dawa. "Kijana" halitusaidii, kwani Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 huhesabu kuanzia miaka 15 hadi 35. Wataalamu wa afya husema "kijana balehe", yaani miaka 10 hadi 19. Ni istilahi nzuri, lakini haigusi mpaka tunaoutafuta. Zaidi ya hayo, maelezo ya Uingereza kwa kawaida huweka mpaka kwenye miaka 12, ya Marekani kwenye miaka 8. Kwa maoni yetu, mfasiri aandike umri kwa tarakimu kama ulivyo katika matini ya asili, na neno "watoto" aliache.

Kwa kijana balehe, maonyo mengine ndiyo yenye kazi, nayo yaandikwe waziwazi. "Tumia kwa maji" haitoshi: imezwe kwa bilauri nzima ya maji, mgonjwa akiwa wima, asilale mara moja, isije ikachoma umio. Isimezwe pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, kwani huizuia isifyonzwe mwilini. Katika nyumba za wafugaji wa Meru, ambako maziwa yako karibu, onyo hilo lisifichwe mwishoni. Ngozi huungua upesi juani. Mjamzito amweleze daktari kwanza. Na pale penye "tarehe ya mwisho wa matumizi", iongezwe "baada ya hapo itupwe", kwa kuwa tetrasaiklini iliyooza imewahi kudhuru figo.