Sakafu Juu ya Sakafu

Jiko la nyumba kuukuu ya Marekani mara nyingi lina sakafu tatu au nne zilizolaliana. Fundi akiinua kona ya vinaili iliyo juu, hukuta vigae vya mraba, kila upande inchi 9, takriban sentimita 23. Chini ya vigae kuna linoliamu ya hudhurungi iliyokauka na kupasuka, halafu magazeti ya zamani yaliyotandazwa juu ya mbao za msonobari. Kila aliyeishi hapo alitandika chake juu ya alichokikuta.

Tabia hiyo ina umri sawa na kazi yenyewe ya kutandika sakafu za namna hii. Katikati ya karne ya 19, Mwingereza Frederick Walton aliona utando ulioganda juu ya mafuta ya kitani ndani ya kopo la rangi: mgumu, lakini unaonyumbuka. Akatafuta njia ya kuyagandisha mafuta hayo kwa makusudi, akayachanganya na unga wa gome la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, na mchanganyiko huo akaukandamiza juu ya kitambaa cha gunia. Alipata hataza mwaka 1863, na mwaka uliofuata kampuni yake ikaanzishwa Staines, karibu na London. Hataza ilipokwisha muda, mji wa Kirkcaldy huko Scotland uliivamia biashara hiyo kwa nguvu hata harufu ya mafuta ya kitani ikawa ndiyo harufu ya mji.

Linoliamu haikuja kuchukua nafasi ya mbao, ilikuja kuzifunika. Sakafu ya mbao ina nyufa, na nyufa hukusanya vumbi na wadudu. Mama wa nyumba sasa aliweza kupitisha tambara lenye maji na kazi ikaisha.

Vinaili ilitokea Akron, Ohio. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa B.F. Goodrich, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Alipoipasha moto PVC, plastiki inayotengenezewa vinaili, ndani ya kiyeyushi, alipata kitu laini kinachovutika, ambacho hakikuwa gundi hata kidogo. Vigae vya vinaili vilioneshwa kwenye maonesho makubwa ya Chicago mwaka 1933, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaenea majikoni kwa kasi.

Hapo ndipo historia hii inapogeuka kuwa nzito. Kwa miaka mingi viwanda vilitia nyuzi za asibesto ndani ya vigae ili viwe imara na visishike moto. Mara nyingi hata gundi nyeusi ya lami iliyovishikilia ilikuwa nazo. Katika miaka ya 1960 daktari Irving Selikoff wa New York alionesha jinsi asibesto ilivyokuwa ikiwaua mafundi waliofanya nayo kazi. Kigae kizima huzifungia nyuzi hizo ndani yake. Kikipigwa msasa au kuvunjwavunjwa, nyuzi hupeperuka na kuingia mapafuni. Kwa hiyo ushauri kwa mwenye nyumba ya namna hiyo ukawa: usikwangue, usipige msasa, funika. Lililoanza kama njia ya kukwepa gharama na usumbufu likawa kinga ya maisha, ilimradi anayefunika ajue kilicho chini.

Na kufunika kwenyewe kuna masharti. Vinaili ni nyembamba, haifichi kasoro: kila kiungo cha vigae vya zamani kitajichora juu baada ya muda. Fundi makini hujaza mifereji hiyo kwa simiti laini ya kusawazisha, au hupigilia plaiwudi ya milimita 6 ikiwa chini ni mbao. Ikiwa chini ni zege, hupima unyevu kwanza, maana maji yanayopanda kutoka ardhini huachanisha gundi. Sakafu ya zamani yenye sponji haifai kubeba nyingine: miguu ya meza itaibonyeza.

Nchini Kenya, vinaili ya bei nafuu yenye sura ya ubao inaitwa mkeka wa mbao. Huja ikiwa imeviringishwa, hukatwa kwa kisu kulingana na chumba, na hutandikwa juu ya simiti au vigae vilivyopasuka. Wengi hawaugundishi, na wana sababu: wamepanga. Mpangaji akihama, huukunja akaondoka nao, na mwenye nyumba hurudishiwa simiti yake ileile.