Clark Kent (uigizaji)

Clark Kent ni utambulisho wa siri wa Superman, shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Kwa mwigizaji, ni kazi ya kucheza watu wawili kwa mwili mmoja. Njia ya awali ilikuwa sauti: katika mchezo wa redio ulioanza 1940, Bud Collyer alimpa Clark sauti nyembamba, kisha akaishusha ikawa nzito alipogeuka Superman. Kwenye televisheni (1952–1958) George Reeves hakuwatenganisha sana. Clark wake alikuwa mwanahabari anayejiamini, na miwani anayovaa Clark ikabaki kubeba karibu mzigo wote wa kumtofautisha na Superman.

Christopher Reeve, katika filamu ya Richard Donner ya 1978, aliuhamishia mzigo huo mwilini. Clark wake hukunja mabega, hubabaika, huirudisha miwani puani kila mara. Ushahidi mzito ni tukio la nyumbani kwa Lois Lane, mwanahabari mwenzake: Lois akiwa chumba kingine, Clark anavua miwani, ananyoosha mgongo, sauti inazama, na mtu mwingine kabisa anasimama ndani ya suti ileile, kisha anaghairi na kunywea tena. Pingamizi kwamba miwani haiwezi kumdanganya mwenye macho ni la haki, ila linasahau kuwa mtazamaji anaijua siri tangu mwanzo. Anachopaswa kuamini ni kwamba Lois hana sababu ya kumtazama Clark mara mbili, na Reeve hulijenga hilo kwa kumfanya Clark mtu wa kupuuzwa, si wa kufichwa.