Vyumba visipolingana katika michoro ya kompyuta

Katika programu ya Revit ya kampuni ya Autodesk, msanifu majengo huchora vyumba katika faili yake. Mhandisi wa mitambo huiunganisha faili hiyo na yake, kisha huweka “nafasi” za kukadiria joto, baridi na hewa. Majina yasipolingana, maabara huweza kukadiriwa kama ghala, na kosa hilo likagunduliwa mitambo ikiwa imekwisha kununuliwa.

Ukaguzi huanzia kwenye awamu za ujenzi. Awamu ya msanifu sharti ioanishwe na ya mhandisi. La sivyo, nafasi haipati chumba chake. Pili, faili iliyounganishwa iruhusiwe kuwa mpaka wa vyumba ili kuta zake zitambuliwe, kwani kwa kawaida ruhusa hiyo huwa imezimwa.

Tatu ni jina lenyewe. Kila nafasi ina jina lake aliloliweka mhandisi na, kando yake, jina la chumba linalosomwa kutoka faili ya msanifu. Msanifu akibadilisha jina na faili yake ipakiwe upya, la pili hubadilika, lakini la kwanza hubaki vilevile hadi mhandisi alirekebishe. Kwa hivyo, ni muhimu kutayarisha jedwali la majina yote mawili na kuyalinganisha kabla ya hesabu yoyote kufanywa.