Kasigau, Ngome Isiyokuwa na Sultani

Mwaka 2026 Wakasighau, wenyeji wa mlima Kasigau nchini Kenya, wanatimiza miaka 90 tangu waruhusiwe kurudi kwenye mlima wao. Historia hii fupi imeandikwa kwa heshima ya kurejea kwao, na kwa heshima ya kuta za mawe walizozikuta zikiwasubiri.

Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa, ukifika Maungu unakata kulia na kuifuata njia ya vumbi. Mlima Kasigau unauona tangu mbali, umesimama peke yake juu ya tambarare ya Tsavo, na kilele chake kinafikia mita 1,641. Asubuhi nyingi juu huwa kumefunikwa na ukungu. Msitu ulioko huko hunasa maji ya ukungu huo na kuyashusha kwa vijito, na ndiyo maana vijiji vimeuzunguka mlima: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Nje ya duara hilo ni nyika kavu, siku nzima bila tone la maji. Mwenye kuushika mlima huu alikuwa ameyashika maji, na mwenye maji alikuwa na kitu ambacho kila mpita njia alikihitaji.

Wapita njia hawakukosekana. Misafara iliyotoka Mombasa na Rabai kufuata pembe za ndovu ilivuka Nyika ya Taru ikikaza mwendo kuufikia Kasigau. Oktoba 1847 mmishonari Johannes Rebmann alifika hapa kutoka Rabai na akauandika mlima kwa jina la Kadiaro. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya bara, miezi michache kabla ya ile iliyomfikisha Uchaga na kumwonyesha theluji ya Kilimanjaro. Njia ilikuwepo zamani kabla yake, na haikupitisha pembe peke yake. Katika karne ya 18 na ya 19 biashara ya watumwa ilipanda kutoka pwani, na wezi wa mifugo nao walikuwa wakivamia. Familia iliyolala kwenye tambarare ililala na hofu.

Hapo ndipo Wakasighau walipoanza kujenga. Kwenye miteremko kuna majabali makubwa yaliyoinama, yenye nafasi chini yake ya kukaa watu na wanyama. Mdomo wa pango uliwekewa ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila chokaa, jiwe likishikwa na uzito wa jiwe lililo juu yake. Pakaachwa mlango mwembamba ulioweza kuzibwa haraka. Watafiti waliochimba ndani, wakiongozwa na mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, walikuta matabaka ya samadi. Usiku wa hatari ng'ombe na mbuzi waliingizwa humo pamoja na wenyewe, na maadui wakabaki nje na giza lao. Ukitazama ukuta kwa karibu unaona mawe makubwa chini na madogo yaliyokazwa katikati ya nyufa. Aliyefanya kazi ile hakuwa na pupa, ingawa hatari ilikuwa karibu.

Ngome tulizozoea kusoma ni za aina nyingine. Fort Jesus ilianzwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme wa Ureno, ikachorwa na Giovanni Battista Cairati na kupangwa mizinga. Huko Ulaya, kwenye mpaka wa Wales na Uingereza, kasri la Chepstow lilianza kujengwa mwaka 1067 juu ya jabali la mto ili bwana mgeni awatishe wenyeji. Zote mbili zilijengwa na wenye nguvu wapate kutawala. Ngome za Kasigau zilijengwa na waliokuwa wakiwindwa. Hazikuwa na sultani wala liwali. Kwangu mimi hilo linazipa hadhi kubwa kuliko mizinga yote ya Mombasa.

Ngome za Kasigau zilishindwa mara moja, na iliyozishinda ilikuwa serikali ya kikoloni. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walivuka mpaka na kuitwaa Taveta, wakawa wanatuma vikosi kulipua reli ya Uganda. Mwaka 1915 waliuteka Kasigau. Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwa wamewasaidia adui, wakawahamisha watu wa mlima wote, wazee na watoto, hadi Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani wakatupwa kwenye joto na malaria ya pwani. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Wajerumani walifukuzwa eneo hili mwaka 1916, lakini Wakasighau hawakurudishwa. Waliendelea kuomba kurudi hadi 1936, waliporuhusiwa. Adhabu ya miaka 21, kwa kosa ambalo watoto wachanga hawangeweza kulitenda, ni dhuluma, na iitwe hivyo katika vitabu vya shule.

Makwasinyi ina sehemu yake ya pekee katika kumbukumbu hii. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka miji ya Waswahili na kutoka kijiji kimoja cha bara, na kijiji hicho ni Makwasinyi. Mabaki ya pwani yalionyesha mchanganyiko wa asili ya Kiafrika na ya Kiasia, hasa Uajemi. Yale ya Makwasinyi, ya watu walioishi baada ya mwaka 1650, yalikuwa karibu yote ya Kiafrika, na watafiti wakayatumia kuwa kipimo cha kuelewa upande wa Kiafrika wa nasaba ya Waswahili. Mombasa ikitaka kuwajua wahenga wake, ina sababu ya kuuliza Kasigau.

Siku hizi mlima unawalinda watu wake kwa namna nyingine. Maji yake hushuka kwa mabomba hadi vijijini. Wageni hulala kwenye mabanda ya jamii na kupanda na kiongozi wa kijiji. Akina mama husuka vikapu vya mkonge vinavyouzwa mbali. Misitu ya nyika inayouzunguka imo katika mradi wa kaboni wa Kasigau, ulioanza kuuza hati zake mwaka 2011.

Kuta zenyewe hazina mlinzi. Jiwe moja likiondolewa kwa ajili ya jiko au zizi, lililo juu yake linaanguka. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vinavyopatikana viripotiwe kwa Makumbusho ya Taifa. Basi ndugu msomaji, ukipanda Kasigau nenda na mwenyeji, usihamishe jiwe, na ukiona mfupa au kigae kiache palepale ukamwambie mzee wa kijiji. Nanyi vijana wa Makwasinyi, kaeni na wazee mwaka huu mwandike majina ya waliopelekwa Malindi, na ya wale ambao hawakurudi.